Mlima wa Trekta

Kiinua mgongo changu, miaka thelathini na mmoja
ya kupokea watoto wa watu wodi ya wazazi,
kiliingia benki Ijumaa. Jumatatu, giza halijaisha,
tulikuwa Boma Ng'ombe, mimi na fundi Rogati,
kwenye yadi ya Mbwambo,
matrekta matatu yamelowa umande.

Njiani Rogati alinionya: "Mama Eliakunda,
usiulize bei. Usicheke. Usikae kwenye kiti.
Shika injini kwanza. Ikiwa baridi, ni mkweli.
Ikiwa na joto, ameiamsha alfajiri
kuificha kikohozi."

La kwanza lilinuka rangi.
Jekundu kama gauni la Krismasi,
matairi yamepakwa oili, viatu vya bwana harusi.
Nikaweka kiganja. Joto.
"Limeota jua," akasema Mbwambo.
Jua lipi, na Kibo bado imejifunika shuka?
Rogati akachomoa kijiti cha oili:
nyeupe, chai ya maziwa kabisa.
Maji yameingia kwenye damu.
Akakifuta kwa suruali, akakirudisha taratibu.

La pili, la bluu, refu kuliko nyumba yangu ya kwanza.
Nguvu za farasi sabini na tano,
na farasi wote wanakula.
Mimi nina ekari nne na nusu kule Kahe, mfereji katikati;
likitaka kugeuka litaomba ruhusa kwa majirani.

La tatu lilikuwa nyuma ya choo.
Feruguson la silinda tatu, rangi imekimbia,
boneti limezibwa kwa bati la debe,
mita ya saa ilifia kwenye elfu sita mia moja kumi na nane.
Kwenye kiti, kuku ameatamia.
Injini baridi kama jiwe la mtoni.

"Hilo starta imekufa," akasema Mbwambo, bila kututazama.
Vijana wanne wakalisukuma kwenye mteremko.
Likakohoa. Likatoa moshi mweusi, mweusi,
kisha mwepesi, kisha hewa tupu inayotetemeka.

Rogati akaweka bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni.
Mimi nikafungua mkoba,
nikatoa pembe yangu ya mbao,
ile ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni.
Vijana wakaangua kicheko.
Nikawaambia nyamazeni,
kwa sauti niliyowatunzia akina baba wa kwenye korido.

Mmoja. Wa pili, kwa mbali. Wa tatu.
"Wapo watatu," nikasema. "Wa katikati mvivu."
"Nozeli," akasema Rogati, na kwa mara ya kwanza siku hiyo
akanitazama kama fundi mwenzake.

"Milioni tisa."
"Saba. Na kuku ubaki naye."
Tukakutana saba na nusu, na mayai manne.

Sasa, trekta lisilo na starta lataka kulala mlimani,
na Kahe ni tambarare kama meza.
Siku tatu tulichimba kwa jembe,
mimi, Rogati na mkwe wangu Ndekirwa,
tukapandisha udongo, tukaushindilia kwa miguu.
Jirani akapita, akavua kofia:
"Poleni. Nani kafariki?"
"Hakuna. Ni kitanda."
Watu wa juu wana mlima wao, una theluji na watalii.
Wetu una mita moja na nusu.

Asubuhi ya kwanza likateremka kimya,
likasimama chini kama lililosahau lilitumwa nini.
Tukalirudisha juu kwa ng'ombe wa jirani.
La pili vilevile. Ndekirwa akaanza kuhesabu
starta mpya ni shilingi ngapi, kwa sauti, ili nisikie.
Mara ya tatu likapiga chafya, kuku wa majirani wakatawanyika,
plau ikazama.

Mstari wangu wa kwanza umepinda vibaya.
Unaonekana hadi barabarani.
Jembe nimeliegemeza kwenye ule mlima, sijalistaafisha:
kesho kuna kona nne
ambazo trekta halifiki.